Dawa Isiyo na Metoli

Adhuhuri ya Jumamosi duka la kemikali lilikuwa limefurika. Walimu walitaka tindikali, watengeneza sabuni walitaka magadi, na kila mmoja alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Katika kusukumana huko, kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi akaegemeza kiwiko juu ya mizani bila kujua.

"Kiwiko chako kilo moja na nusu," muuzaji akamwambia, uso mkavu. "Nikufungie?"

"Ukikifunga, nifunge na mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Msichana huyo muuzaji, gauni lake la rangi ya chungwa likichungulia chini ya koti la kazi, akainamisha uso. Tusidanganyane: wote wawili walikuwa wameshanaswa.

Kijana alikuwa fundi wa kusafisha picha nyeusi na nyeupe. Dawa za kopo hazikumridhisha, hivyo alichanganya yake mwenyewe kwa unga wa aina tano. Kila Jumamosi alileta orodha, msichana akampimia. Yeye alimwita msichana Bi Mizani, naye akaitwa Fundi.

"Huu wa metoli ndio unaoleta kijivu," alimweleza. "Mashavu, mikunjo ya nguo, mawingu. Ukiutoa, bibi harusi anabaki chokaa na masizi."

"Kumbe nauza mashavu!"

"Bila wewe, mpenzi, mji mzima hauna mashavu."

Hivyo hivyo miezi saba ikapita, mpaka siku Bi Mizani alipompeleka kwao. Mama yake alivaa kitenge kipya, akatoka hadi mlangoni, akanyoosha mkono. Fundi akainama, akasema "Shikamoo, mama," na mikono yake ikabaki mifukoni. Mkono wa mama ukaning'inia hewani.

Alipoondoka, mama akauliza, "Mwanangu, huyo ana nini mfukoni cha thamani kuliko mkono wangu?"

Jioni ile Fundi akapiga simu.

"Umemdharau mama yangu," Bi Mizani alisema.

"Sikumdharau, mpenzi wangu."

"Basi nieleze."

"Niamini tu, mpenzi."

"Fundi, nieleze!"

"Siwezi."

"Basi na kunipigia usiweze."

Akakata, akalia. Alikuwa anampenda, angefanyaje?

Jumamosi mbili Fundi hakutokea. Ya tatu, ujumbe ukaingia kwenye simu: orodha ya dawa, na kwamba mtu wa pikipiki angekuja kuzichukua. Bi Mizani akaanza kupima kwa hasira, mara mkono ukasimama. Unga ulikuwa wa aina nne tu. Metoli haikuwemo. Mtu aliyemhubiria metoli miezi saba hawezi kuisahau.

"Mjomba," alimwita mwenye duka, "fundi wa picha anaachaje metoli?"

"Ngozi ikishaikataa. Vidole vinawasha, vinapasuka, vinatoka maji. Haiambukizi, ila akiigusa tena inarudi vilevile."

Bi Mizani akavua koti, akaelekea kwa Fundi. Kila gramu ya metoli ile aliipima yeye.

Fundi alimfungulia chumba chake cha giza cha kusafishia picha akiwa amevaa glavu.

"Vua."

"Bi Mizani..."

"Vua, Fundi."

Vidole vilikuwa vyekundu, vimepasuka kwenye viungo, viwili vimefungwa bandeji.

"Mbona hukusema?"

"Mama angedhani naambukiza. Wewe ungejilaumu. Na mimi fundi nisiye na mikono, ningekuoa kwa kazi gani?"

"Ukaona bora nikuchukie?"

"Nilijua utanichukia, kisha utasahau."

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimtiririka.

Akatoa mkobani pakiti ndogo. "Fenidoni. Mjomba anasema inafanya kazi ya metoli, na kwa kawaida haiwasumbui ambao ngozi yao imeikataa metoli. Glavu utavaa, na karatasi utazishika kwa koleo."

"Kidogo hivi?"

"Sehemu moja ya kumi ya metoli inatosha. Lete maji ya moto."

Wakachanganya chini ya taa nyekundu, yeye akimwaga, Fundi akikoroga. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu. Wakaongeza chembe za bromaidi ya kuzuia ukungu, wakajaribu tena. Polepole uso wa mtoto ukajitokeza, na kijivu chote kilikuwepo. Fundi akashusha pumzi ya wiki tatu.

Picha ikiwa majini, Bi Mizani akampigia mama yake, akamweleza yote.

"Ina maana nimemnunia mgonjwa?" mama akasema. "Mpe simu. Mwanangu, pole. Nisamehe."

"Nisamehe mimi, mama," Fundi alijibu. Akarudisha simu. "Bi Mizani, nikuoe?"

"Kwanza niambie. Kinakuuma nini sasa hivi?"

Fundi alitaka kusema hakuna, kama kawaida yake. Akajizuia.

"Vidole. Usiku silali. Na nimekuwa nikiogopa utaona kinyaa kunishika."

Bi Mizani akamshika kifundo cha mkono, juu kidogo ya bandeji, wala hakumwachia.

"Nioe," alisema. "Lakini sasa hivi twende hospitali."