Daktari wa Kwenye Chupa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jucilene aliosha chupa. Aliziosha kwa maji ya moto na sabuni, akazipanga kwenye ubao nyuma ya jiko, midomo ikitazama chini, zikauke. Jioni, mama yake alipomaliza kumimina mafuta, Jucilene alikata vipande vya karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, "Mafuta ya andiroba, Lindalva," kisha akavibandika kwa uji mzito wa muhogo. Hiyo ndiyo ilikuwa lebo yao. Haikusema jambo lingine.

Walikaa Cametá, mji mdogo wa Brazili, katika nyumba ya mbao karibu na mto. Msimu wa mvua ulipofika, mbegu za mti wa andiroba zilianguka msituni, zikaelea na maji mpaka ufukoni, na watoto wakaziokota kwa vikapu. Mama yake, Bi Lindalva, alizichemsha, akaziacha gizani wiki kadhaa, kisha akazipasua na kukwangua kiini chake kwa kijiko. Alikikanda kikawa kinyunga, donge zito kama la unga, akakiweka juu ya bati lililoinamishwa, na mafuta yakaanza kuchirizika polepole, tone baada ya tone, mpaka kwenye bakuli.

Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukiona. Kibanda cha nyuma kilifungwa kwa pazia, na aliyeingia ni Bi Lindalva peke yake. Jicho la mtu mwingine likikiangukia kinyunga, mafuta hurudi ndani yasitoke tena. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo walivyoamini wanawake wa mtoni wote waliotengeneza andiroba. Jucilene alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa amewahi kukiona kinyunga hicho hata mara moja. Akipita karibu na pazia, aligeuza uso wake upande wa mto.

Mafuta yaliuzwa sokoni, kwenye meza ndogo kati ya muuza samaki na muuza unga wa muhogo. Walionunua walikuwa watu wanaojulikana: wavuvi walioteguka mikono, wazee wenye magoti mabaya, akina mama wenye watoto walioumwa na mbu. Hakuna aliyeuliza swali. Walisema tu, "Nipe ya Lindalva," wakaenda zao.

Mwaka ule duka jipya la vipodozi lilifunguliwa mkabala na soko. Madirisha yake yalikuwa ya kioo, na krimu zake zilikaa ndani ya maboksi yanayong'aa. Siku moja Jucilene alimwona mwalimu wake wa zamani akiipita meza yao na kuingia humo, akatoka na boksi la dhahabu. Siku nyingine aliwaona wasichana wawili waliokuwa wameshika chupa ya mama yake. Waliigeuza, wakatazama lebo, wakacheka kidogo, wakairudisha mezani. Bi Lindalva alitabasamu kama vile hakuona. Jucilene aliona, na moyo wake uliuma.

Kesho yake alipotoka shule aliingia dukani, akajifanya anatafuta sabuni. Alisoma maboksi moja baada ya jingine. Yalisema yamethibitishwa na madaktari wa ngozi, hayana kemikali, yanaondoa madoa kwa siku saba, ni salama kwa watoto wachanga. Aliwaza kwamba mafuta ya mama yake yanatoka kwenye mbegu tupu, yanachukua wiki nyingi kutengenezwa, na bado yanakaa kimya mezani kama mgeni asiyejua lugha. Kwa nini na yenyewe yasiseme?

Jioni hiyo alichukua kalamu ya kijani akaandika lebo mpya. "Andiroba safi asilimia mia. Imethibitishwa na madaktari wa ngozi. Huondoa madoa kwa siku saba. Salama kwa watoto wachanga." Pembeni akachora jani.

Bi Lindalva alisoma kwa shida, akifuata herufi kwa kidole, na macho yake hayakuwa mazuri tena. Aliinua chupa karibu na taa.

"Mbona maneno ni mengi leo? Inasemaje?"

"Inasema mafuta yetu ni mazuri, mama."

Mama yake akacheka. "Nalo hilo ni la kuandika? Haya, bandika."

Chupa zilianza kwenda. Abiria walioshuka kwenye meli iliyotoka mji wa Belém walinunua mbili mbili. Wasichana waliocheka walirudi. Muuza samaki, mwanamke mnene mwenye utani usiokwisha, alisoma lebo kwa sauti soko zima likasikia, akasema na yeye apewe hiyo ya siku saba, kwani ana doa moja nyumbani, linakoroma, na angependa liondoke kabla ya Jumapili. Watu walicheka, na Bi Lindalva akacheka nao, akidhani ni utani wa kawaida wa yule mama. Jucilene naye alicheka, lakini si kwa muda mrefu.

Bi Oneide, mpishi wa shule, alikuwa mteja wa miaka mingi. Alijipaka andiroba magotini kila usiku. Safari hii alinunua chupa kwa ajili ya mjukuu wake, mtoto ambaye hata mwezi hajamaliza, aliyekuwa na vipele vya joto shingoni. Hapo zamani asingefikiria kumpaka mtoto mdogo hivyo. Lakini chupa ilisema ni salama, na chupa ilikuwa ya Lindalva.

Siku chache baadaye alirudi. Hakuja kwa kelele. Aliiweka chupa mezani, akaigeuza mpaka lebo ikamtazama Bi Lindalva.

"Lindalva, ni daktari gani?"

Bi Lindalva hakuelewa. Bi Oneide akamsomea lebo yote, neno kwa neno. Akaeleza kwamba shingo ya mtoto ilikuwa nyekundu kama pilipili, kwamba alikesha akilia, na kwamba wamempeleka zahanati. Muuguzi Graça alimwosha akampa dawa, na sasa anaendelea vizuri. Lakini muuguzi alimuuliza daktari gani aliyeyathibitisha mafuta haya, kwa sababu yeye hajawahi kusikia yamepelekwa kupimwa popote.

Bi Lindalva alimtazama binti yake. Jucilene alikuwa anatazama ubao wa meza.

"Hakuna daktari," alisema Bi Lindalva taratibu. "Nisamehe, dada yangu. Mjukuu wako nitakuja kumwona leo. Lakini mafuta ni yale yale. Ni andiroba tupu, kama siku zote."

"Hata hilo nalo limeandikwa hapa hapa, kwenye karatasi ya daktari asiyekuwepo. Nitajuaje hukuchanganya na mafuta ya soya?"

"Oneide, wewe unanijua."

"Nilikuwa nakujua. Hata nilikuwa sisomi chupa zako." Alifunga mkoba wake. "Na huko nyuma ya pazia lako, nani amewahi kuona unachofanya?"

Muuza samaki aliacha kukata samaki. Safari hii hakuwa na utani.

Tangu siku hiyo meza ikawa tulivu. Watu walisalimia vizuri, wakauliza hali ya nyumbani, wakapita. Waliokuwa wakisema "nipe ya Lindalva" sasa walishika chupa, wakainusa, wakaitazama kwenye mwanga, wakairudisha. Shuleni wavulana walimwita Jucilene "daktari." Mmoja alivua shati wakati wa mapumziko akamwomba amwangalie kipele mgongoni, akasema kama dawa yake inachukua siku saba, basi atamsubiri hapo hapo. Jucilene aliweza kuyavumilia hayo. Asichoweza kukivumilia ni kumwona mama yake akirudi jioni na kikapu kilichojaa vilevile alivyoondoka nacho.

Mama yake hakumpiga wala hakumfokea. Jioni ile ya kwanza walikula samaki na asai, rojo zito la tunda la msituni, kisha Bi Lindalva akasema jambo moja tu: "Nilikuuliza inasemaje, ukanijibu. Mimi nikabandika jina langu juu ya jibu lako." Jucilene hakuweza kumaliza chakula chake.

Alibandua lebo zote. Ziling'oka kwa shida, akazisugua mpaka vidole vikauma. Kisha akaenda peke yake nyumbani kwa Bi Oneide. Alimkuta amempakata mjukuu wake, shingo ya mtoto ikiwa imetulia. Jucilene aliomba radhi, akasema kwamba ni yeye aliyeandika na mama hakujua. Bi Oneide alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia amemsamehe, na asilie, maana mtoto ndiyo kwanza amelala. Lakini alipoulizwa kama atarudi kununua, alitikisa kichwa.

"Wewe nimekusamehe, mwanangu. Mafuta ndiyo sijayajua bado."

Jucilene alirudi nyumbani akiyafikiria maneno hayo. Alimkuta mama yake amekaa kizingitini mwa kibanda cha nyuma, mikono inang'aa mafuta.

"Mama," alisema, "wakiona, wataamini."

Bi Lindalva alijua anasema nini. Alilitazama pazia. Akasema mama yake hakumwonyesha mtu mwingine yeyote, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwonyesha hata baba yake Jucilene. Akasema yakirudi ndani, msimu wote umekwenda, na mbegu zimekwisha kuanguka. Usiku ulipokuwa unaingia, Bi Lindalva alinawa mikono akasema, "Nenda kawaite, waje Jumamosi. Mwite na Graça wa zahanati."

Jumamosi walikuja: Bi Oneide, muuza samaki, majirani wawili na muuguzi Graça. Bi Lindalva aliwakaribisha kahawa, wakanywa wamesimama. Kisha akalivuta pazia.

Hakuna aliyetazama. Wale wale waliouliza kuna nini nyuma ya pazia waligeuza nyuso zao mara moja, kana kwamba wameamriwa. Jirani mmoja alijifunika macho kwa upande wa kanga yake. Muuza samaki alilitazama paa la kibanda kwa makini sana, akasema yeye ana jicho zito tangu kuzaliwa, mti wa mpapai alioutazama mwaka jana haujazaa mpaka leo, na yeye hataki kesi. Muuguzi Graça alibana midomo asicheke.

"Tazameni," alisema Bi Lindalva. "Nimewaita mimi mwenyewe."

Bi Oneide alitazama kwanza, kupitia katikati ya vidole vyake. Kisha akateremsha mkono. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na Jucilene wa mwisho. Kilikuwa kinyunga cha rangi ya udongo, kikubwa kama paja, kimelala juu ya bati la zamani. Chini yake palikuwa na bakuli. Hapakuwa na kopo la soya, hapakuwa na chupa nyingine, wala unga wa aina yoyote. Kibanda kilinuka mbegu na moshi.

Tone lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya bati. Wote walilitazama, na halikuanguka. Muuza samaki alinong'ona kwamba si alishasema jicho lake ni zito.

Bi Lindalva aliingiza mikono, akakigeuza kinyunga na kukikanda polepole kutoka juu mpaka chini, kama alivyofanya kila siku peke yake, safari hii macho ya watu sita yakiwa juu ya vidole vyake. Alipoondoa mikono, tone likaanguka. Likafuata jingine.

Bi Oneide alipumua kwa nguvu. Alichovya kidole kwenye bakuli, akaonja, akakunja uso kwa uchungu wake. "Ndiyo yenyewe," alisema.

Walirudi jikoni. Muuguzi Graça aliuliza watu huyatumia mafuta kwa kazi gani, na Bi Lindalva akaeleza. Muuguzi alisema hayo yanaweza kuandikwa, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya, na yasiyojulikana nayo yaandikwe kwamba hayajulikani. Jucilene alileta karatasi. Akaandika kwa mwandiko wake ule ule.

Alipomaliza, mama yake alimwita pembeni ya meza, mbele ya wageni.

"Nisikilize, mwanangu. Katika ile karatasi yako palikuwa na neno moja la kweli, kwamba mafuta ni safi. Lakini uliliketisha pamoja na maneno ya uongo, na watu wakaliona nalo ni mwongo kama wenzake. Anayenunua chupa hawezi kuingia ndani yake. Ana karatasi tu na jina la aliyetengeneza. Ukimdanganya hapo, umemwachia nini ashike? Mafuta mazuri hayahitaji daktari wa kubuni. Yanahitaji mtu asiyeongeza neno."

Jucilene aliitikia kwa kichwa. Bi Oneide alikuwa ameshafungua mkoba wake, anataka chupa moja ya magoti. Bi Lindalva alichukua chupa iliyobandikwa lebo mpya, uji wa muhogo ukiwa bado haujakauka, akaisogeza karibu na dirisha. Alitazama maandishi, kisha akamkabidhi binti yake.

"Inasemaje?" aliuliza.

Jucilene aliweka kidole chini ya neno la kwanza ili mama yake aweze kufuata.

"Mafuta ya mbegu za andiroba tu," alisoma. "Yametengenezwa na Lindalva, Cametá. Watu wa kwetu huyapaka palipoumwa na mbu na palipoteguka. Hayajapimwa na daktari. Usimpake mtoto mchanga kabla ya kuuliza zahanati."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Yote."

Bi Lindalva akampa Bi Oneide chupa.