Swichi ya Celica Nyekundu

Celica nyekundu iliingia karakana ya Mpofi ikisukumwa na wapita njia wanne.

Hakuna aliyeitarajia. Barabara ile ni ya pikipiki na malori, si ya gari la mashindano lililozeeka.

Aliyeshika usukani alishuka. Miwani ya Ray-Ban. Viatu visivyo na tope.

"Dada, fundi iko wapi?"

"Njo mimi," Colette alijibu.

Kwa Mama Adelaïde, mwenye karakana, Colette alikuwa fundi umeme mgeni tu. Kwa idara ya ujasusi alikuwa Shoka, aliyetumwa kumnasa Magloire: mtu anayetorosha koltani, madini ya Masisi, na kurudisha bunduki kwa njia ile ile.

"Taa ya mulango haizimike. Imekula batri yote."

Sauti hiyo Colette aliijua kutoka kwenye simu zilizorekodiwa. Magloire. Ila magari yake yalishapekuliwa, hayakukutwa na kitu.

Alichomoa waya wa batri, akafungua mlango, akaelekeza bisibisi kwenye kiswichi cha nguzo ya mlango, kile kinachobonyezwa mlango ukifungwa.

"Usiguse pale! Ondosha ampuli ya taa tu, niende."

Colette alitabasamu. Siku ya kwanza Mama Adelaïde alimwapisha jambo moja: hapa gari haitoke na kazi nusu.

"Pole, Papa. Niliahidi."

Kiswichi kikatoka. Nyuma yake ukamiminika mchanga mweusi, mzito kama risasi.

Koltani. Nguzo nzima ilijaa.

Bastola ya Magloire nayo ikatoka.

"Unajua miye niko nani?"

"Muntu mwenye taa yake haizimike."

Magloire aliruka garini, bastola ikiwa bado imemwelekea Colette. Kwa pupa akazungusha ufunguo.

Kimya. Batri ilikuwa imekufa, na waya wake ulikuwa bado unaning'inia.

Colette akaupiga mlango teke. Mkono wenye bastola ukabanwa. Bastola ikaanguka matopeni.

Akabonyeza kitufe cha redio kilichofichwa chini ya mita yake ya umeme.

"Shoka kwa Ngoma. Muzigo umepatikana."

"Tunakuja."

Jeep ya idara ilifika, ikamzoa Magloire akiwa na pingu. Kapteni Théophile alifungua mlango wa nyuma.

"Panda, Shoka. Celica tutaikokota kesho. Watu wa Magloire wako njiani, na miye siwezi kurudi tena leo."

"Kazi haijaisha."

"Utatembea kwa miguu!"

"Nitatembea, Kapteni."

Jeep ikaondoka.

"Mwanangu, achana nayo," Mama Adelaïde alisema. "Iko gari ya mwizi."

"Mama, barabara walituachia nusu. Daraja nusu. Hata amani, nusu. Hii, hapana!"

Alipuliza chembe za mchanga zilizokwama kwenye kiswichi. Akasugua kutu kwa msasa, akakirudisha, akakaza skrubu, akaazima batri ya pikipiki.

Taa ikawaka. Akafunga mlango.

Ikazima.

Alitundika mfuko begani, akashika njia ya Walikale, peke yake. Nyuma alimsikia Mama Adelaïde akiufungua mlango na kuufunga, akiufungua na kuufunga, na kucheka.