Kifungu cha Watani

Kisikizi cha Mtaa wa Ntyuka kilikuwa na umbo la boga, kimekaa juu ya nguzo ya chuma, na shingo yake iligeuka polepole kufuata sauti. Kiliweza kutofautisha nyundo inayogonga bati na nyundo inayogonga mlango kwa hasira. Kilijua kicheko cha mlevi na kilio cha mtoto aliyechapwa. Mtu akitishia kumdhuru mwenzake, taa yake iliwaka nyekundu, na kabla mkono haujanyanyuliwa, sauti isiyo ya kiume wala ya kike ilikuwa imeshawaita wote wawili kwa majina yao kamili. Tangu visikizi vifungwe jijini Dodoma, miaka kumi na miwili sasa, hakuna aliyeuawa kwa panga wala kwa ngumi. Watu walikuwa wamevizoea kama walivyozoea bomba la maji.

Waliovitengeneza walipata shida moja tu mwanzoni. Wiki ya kwanza taa ziliwaka nyekundu jiji zima kwa sababu watani walikuwa wanasalimiana. Mgogo alimwambia Mnyamwezi kwamba atamzika akiwa hai. Mnyamwezi akajibu kwamba Mgogo akifa hata fisi atamkataa. Ndipo kikaongezwa kifungu cha watani. Watu wawili waliosimama mbele ya nguzo na kutamka kwamba wao ni watani, matusi yao hayakuhesabiwa.

Yudita Ndahani, Mgogo wa miaka arobaini na minne, na jirani yake Mzee Mihayo Lugembe, Mnyamwezi aliyestaafu kazi ya upimaji ardhi, walitamka hivyo siku Yudita alipohamia pale, miaka minne iliyopita. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa kimo cha kifua. Ulitosha kutukaniana.

Mwaka mmoja baadaye Yudita alilileta gari. Lilikuwa la marehemu baba yake: Hayase ya milango minne, injini ya silinda sita, gia za mkono. Zamani vijana waliyapenda magari ya namna hiyo kwa sababu yalibeba familia na kukimbia kama ya mashindano. Usukani ulipopigwa marufuku, miaka thelathini na moja nyuma, barabara zikaachiwa majiendesha, magari yasiyo na dereva, na Hayase ikafungiwa bandani. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Kutu ilikula sakafu mpaka mtu aliweza kupitisha mguu.

Yudita hakuwa amesomea ufundi. Alijifunza kwa kufungua, kuchora alichokiona, na kufunga tena. Kila hatua aliiandika kwenye daftari. Petroli haikuwepo tena, kwa hiyo alikeneka spiriti kutoka kwenye zabibu zilizokataliwa kiwandani. Spiriti inataka kuingia kwa wingi kuliko petroli, hivyo akapanua matundu ya kabureta, akakosea, akanunua vipande vya shaba, akatoboa upya. Spiriti pia hula mipira ya zamani. Alikata mipya mara tatu, na mara ya tatu haikuvuja.

Jumamosi Mkaguzi wa Urithi angekuja. Gari lililowaka kwa injini yake lenyewe na kusogea hatua kumi lilipewa cheti cha kuhifadhiwa. Lililoshindwa lilipelekwa likasagwe na kitafunachuma.

Alhamisi mchana Yudita alikuwa anafunga bampa la mbele Mzee Mihayo alipotokeza juu ya ukuta.

"Mgogo! Hilo bati limelia tangu asubuhi. Mlenda umekupanda kichwani?"

"Njoo ulibebe basi, mpagazi. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe gari moja tu linakushinda?"

"Ningelibeba nikalitupe jalalani, na wewe ukiwa ndani."

"Ungerudi kunitoa. Ukiamka asubuhi ungemtukana nani?"

Mihayo aliweka viganja vyake juu ya ukuta. "Nalichukia gari hilo. Nakwambia kweli. Ningekuwa na nguvu ningelichoma moto hapo hapo lilipo."

Yudita alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Siku likiwaka, wa kwanza kupitiwa ni wewe. Nitakulaza barabarani kama chapati, halafu nikuzoe kwa koleo!"

Mzee hakujibu. Aliondoka ukutani, mlango wa nyumba yake ukafungwa. Katika utani anayenyamaza ameshindwa, kwa hiyo Yudita alirudi kwenye bampa akijisikia vizuri.

Ijumaa, saa kumi alasiri, alikaa kwenye kiti cha dereva na kuzungusha ufunguo. Stata ililalamika. Alisubiri, akahesabu hadi thelathini kama alivyojiandikia, akazungusha tena. Injini ilikohoa moshi wenye harufu ya mvinyo, ikakohoa tena, ikashika. Silinda zote sita. Mngurumo ulitikisa mabati ya banda, na Yudita akautambua kifuani kabla ya masikioni. Mara ya mwisho kuusikia alikuwa amevaa sare ya shule, amekaa pembeni ya baba yake. Alitoka akiwa na machozi, hana hata habari nayo, na jambo la kwanza lililomjia ni kumtafuta mtu wa kumringia.

"Mpagazi!" alipiga kelele kuelekea ukutani. "Limewaka! Toka nje uje upitiwe!"

Taa ya nguzo ikawa nyekundu.

"Yudita Ndahani," kilisema kisikizi. "Umetishia kuua kwa chombo kilicho mikononi mwako. Zima injini."

"Huyo ni mtani wangu. Angalia kumbukumbu zako."

"Mihayo Lugembe amejitoa kwenye utani leo saa tatu asubuhi. Mmoja akijitoa, utani huhesabiwa kwamba haukuwepo. Maneno yako ya miaka minne yamesomwa upya. Vitisho ni arobaini na kimoja. Vinasomwa sasa, kama sheria inavyotaka."

Vikasomwa. Sauti haikupanda wala kushuka. *Nitakufunga nyuma ya gari nikuburute mpaka Manyoni. Nitakusaga nikuweke kwenye tangi badala ya mafuta.* Kila kimoja Yudita alikikumbuka, pamoja na jua la siku ile na kicheko kilichofuata, lakini kicheko hakikusomwa. Aliingiza mkono dirishani, akazima injini. Majirani walikuwa wameshaanza kusimama milangoni.

Mzee Mihayo naye alikuwa amesimama getini kwake.

"Umefanya nini, mzee wangu?" Yudita alimuuliza.

"Nimesema ukweli, na safari hii nimesikika."

"Si ungeniambia mimi!"

"Nilikuambia! Mwaka wa tatu huu nakuambia nalichukia gari hilo. Nikisema, unacheka. Nikikasirika, unacheka zaidi. Ulitaka nikuambie kwa lugha gani, Mgogo? Nikutumie barua?"

"Nilijua ni utani."

"Unajua kila kitu. Umeandika kila msumari kwenye daftari lako." Akaelekeza kidole kwenye gari. "Nilikuwa na binti wa miaka tisa. Barabara ya Iringa, anavuka kwenda shule, mwaka mmoja kabla usukani haujapigwa marufuku. Gari la milango minne, mngurumo huo huo. Lilikuwa linashindana na lingine. Unajua walimtoa barabarani kwa kitu gani? Kwa koleo. Jana umesimama hapo, umeniambia koleo."

Yudita alishika ukuta. "Alikuwa anaitwa—"

"Usiniulize jina lake! Jina lake hulipati."

Mwisho wa mtaa kitafunachuma kilikuwa kinakuja, mashine ya miguu sita, pana kama nyumba, ikinyanyua miguu kwa uangalifu ili isikanyage mifereji.

"Yudita Ndahani," kilisema kisikizi, "chombo cha kitisho hutafunwa. Una haki ya kupinga. Ukipinga, chombo kitabaki kwako siku thelathini mpaka baraza litakapokaa. Unapinga?"

Alijua angeshinda. Nusu ya baraza walikuwa watani wa nusu nyingine. Wangemsikiliza, wangecheka, wangemwambia Mzee Mihayo aache utoto. Na kesho Mkaguzi angelikuta gari, angeliona likisogea hatua kumi, angetoa cheti. Alilitazama bampa. Alipitia kichwani vile vitisho arobaini na kimoja, kimoja kimoja, kama alivyokagua plagi. Arobaini angeweza kuvitetea mbele ya mtu yeyote.

"Sipingi," alisema.

"Pinga," alisema Mihayo.

"Sipingi."

"Pinga, nakwambia! Usinihurumie!" Mzee alikuwa ametoka getini kwake, amevuka mpaka kwenye ua wa Yudita, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu gari lije. "Yule dereva alikufa kabla ya kesi. Nimekaa miaka yote hii sina wa kushindana naye. Nimekupata wewe. Nenda barazani useme kwamba nina wivu, kwamba nimezeeka, sema chochote! Pinga nikushinde!"

"Neno la jana siwezi kulitetea, mzee wangu. Sijui kama nakutendea haki au nimechoka tu. Ila siwezi."

Kitafunachuma kiliinama. Kilinyanyua Hayase kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia, kikageuza pua yake juu, na spiriti ya zabibu ikamwagika udongoni. Kisha vioo vikapasuka. Ilichukua muda mfupi kuliko Yudita alivyotumia kufunga bampa. Kilipoondoka, palibaki mstatili wa ardhi kavu isiyo na majani, na spana zimetawanyika pembeni. Taa ya nguzo ikazimika. Majirani wakarudi ndani, mmoja baada ya mwingine.

Mzee Mihayo hakuondoka. Alisimama ukingoni mwa mstatili ule, mikono ikining'inia, akitazama palipokuwa na kitu cha kuchukia.

"Mjinga wewe," alisema mwishowe. "Mjinga mkubwa, Mgogo."

Yudita aliutazama uso wake, macho na pembe za mdomo, mahali ambapo kwa miaka minne alikuwa anaamini kwamba anaona kama mzee anatania au anasema kweli. Hakuona kitu. Aliinama, akaokota spana iliyokuwa karibu na mguu wa mzee, akabaki ameishika, akisubiri, maana hakujua tena anatakiwa ajibu nini.