Ndoo Iliyofika Kabla ya Kuitwa

Jumatano asubuhi mapema, mzee Antipasi wa mtaa wa Utemini alifika mlangoni kwa jirani yake, Magdalena, na ndoo ya maji moto. Alibisha, hakuitikiwa. Harufu ya gesi ikamfikia puani. Akasukuma mlango, akamkuta mkunga huyo mstaafu ameanguka bafuni, akamburura hadi uani kwenye upepo, akapiga yowe.

Jua lilipopanda Magdalena alikuwa zahanati, anapumua kwa shida. Nyumbani kwake, Koplo Mathayo alimshika mkono fundi Gasto. Dorkas, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amepiga magoti chini ya tangi la kuchemshia maji kwa gesi, lile lililoachwa na daktari wa misheni.

"Kesi imekwisha," alisema Koplo. "Jumamosi huyu aliitwa kubadili koki ya gesi. Tazama, ile mbovu bado ipo. Mpya ameiuza."

"Mpya niliifunga, mama," Gasto alimwambia Dorkas. "Mbovu nilimwachia bibi, akaiweka dirishani. Nikifungwa kwa hili, nani ataniita tena hata kwa bomba la maji?"

"Wewe ukifunga koki, unaziba kwa kitu gani?" Dorkas aliuliza.

"Katani na rangi nyekundu."

Dorkas alitazama. Rangi nyekundu ilikuwepo kidogo kwenye bomba, lakini juu yake palikuwa na kitu cha manjano kilichoyeyuka na kudondoka sakafuni. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kukifuata. Alikikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Afande, tangu lini sisimizi wakafuata gesi?"

Koplo aliinama kutazama. Dorkas akamwambia amfuate nyumba ya pili, asimame nje kwanza.

Antipasi alikuwa ameketi jikoni peke yake. Madebe ya asali yalipangwa ukutani, moja limezibwa tundu kwa nta. Spana ya baiskeli ilining'inia msumarini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Amefumbua macho?"

"Amefumbua. Kitendawili."

Mzee alitabasamu kidogo. "Tega."

"Ndoo ya maji moto imefika mlangoni kabla ya kuitwa."

Antipasi alichochea moto. "Hicho kimenishinda. Chukua mji."

"Mji sitaki. Tangu Jumamosi bibi anaoga maji ya tangi. Nyumba yangu inatazama njia hii. Jumapili hukupita na ndoo. Jumatatu hukupita, jana hukupita. Leo nani alikuambia tangi litagoma?"

Mzee aliacha kuchochea.

"Na koki imezibwa kwa nta, kama debe lako pale. Nta inazuia asali, baba. Karibu na moto inayeyuka."

"Nilitaka ligome tu," alisema hatimaye. "Koki ile ya zamani moto wake huzimika wenyewe. Jana alipokwenda ibada nikaingia, nikairudisha. Nilijua akiona maji baridi ataniita. Sikujua gesi itapenya."

"Nusura umuue. Na Gasto angefungwa bure. Kwa ajili ya ndoo?"

"Tangu mke wangu afariki nampelekea maji kila asubuhi. Ananipa uji, ananiuliza nimeota nini. Watoto wangu wamehamishiwa kazi kijijini Sepuka. Tangu Jumamosi, mwanangu, hakuna aliyeniuliza kitu. Nimekaa hapa nikisikia maji yake yakitiririka."

Aliinuka, akaingiza mkono katika debe tupu, akatoa koki mpya iliyofungwa kitambaa. Koplo aliingia akaipokea. Hakumfunga pingu. Alimwambia tu achukue koti, kituoni kuna baridi. Gasto, aliyekuwa ukumbini kwa Magdalena akisubiri, aliambiwa aende zake. Akaomba kwanza aifunge ile koki mpya.

Jioni Dorkas alikwenda zahanati, akamsimulia Magdalena yote. Mgonjwa aligeukia ukuta.

"Maji yake yalikuwa yakifika yamepoa," alisema. "Akishaondoka, nayapasha upya."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Asingekuja." Alivuta shuka. "Mwezi uliopita nikamwona anapumzika mara mbili njiani, ameweka ndoo chini. Nikaagiza koki mpya ya tangi, nikaita fundi. Nilitaka apumzike, Dorkas. Nilidhani mwenyewe atakuja tu kunywa uji. Nikapika, nikangoja."

"Yuko kituoni. Sijui watamwachia lini."

"Wakimwachia, mwambie apite," alisema Magdalena. "Ndoo aiache kwake."