Inabana Mabegani

Yule binti fundi cherehani wa nyumba ya tatu alikuwa na duka mtandaoni, na alichoringia zaidi ni barua pepe zilizojituma zenyewe. Mteja akilipa, inamwendea ya shukrani. Siku ya saba baada ya mzigo kufika, inamwendea ya kumjulia hali. Zilizokuja na mtambo wa duka zilikuwa kavu kama tangazo la ofisi. Akazifuta, akaandika kwa lugha yake: "Habari, nguo imekukaa vizuri? Ikibana popote nijibu, nitairekebisha bure." Wateja walimpenda kwa maneno hayo.

Mama yake mdogo, aliyemlea na kumfundisha kushika mkasi, naye aliagiza gauni humo humo, akalipa kama mtu baki ili kumuunga mkono. Kitambaa kilikuwa kizuri na kilikuwa kinaisha. Fundi akampunja mabegani, inchi mbili nzima, ili abakize cha mteja mwenye pesa. Alijua mama mdogo hana neno. Mzigo ulifika Jumatatu. Jumanne mama mdogo hakuamka. Akazikwa na gauni lile lile. Msibani watu wakamsifu fundi kwa mshono, naye akaitikia ahsante huku uso ukimwaka kwa aibu.

Siku ya saba akasahau kuliondoa jina la marehemu kwenye orodha. Barua ikajituma. Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akakuta jibu.

"Inabana mabegani, mwanangu."

Akajiambia kuna mtu anafanya mzaha na simu ya marehemu. Akaenda kwa dada, binti wa mama mdogo. Simu ilikuwa kabatini, imezimwa tangu msiba, hata laini haina. Dada akafunga mlango, akamnong'oneza.

"Gauni halikuingia. Tulilipasua mgongoni kwa mkasi, tangu shingoni hadi kiunoni. Sikukwambia, nisikuaibishe."

Hapo ndipo angesema. Dada amemsitiri, naye angalau angemlipa kwa ukweli.

"Mama alikuwa amenenepa," akasema.

Dada akaitikia kwa kichwa. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aliporudi kwake, jibu la pili lilikuwa linamsubiri.

"Sikunenepa. Huku siwezi kumpa mtu mgongo."

Akalifuta jina. Akazima barua zote. Akafunga kompyuta. Baridi ikampita mgongoni, polepole, kutoka juu kwenda chini. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mteja tu, amefuata sketi yake. Fundi akageuka kuitoa rafuni.

"Fundi," mteja akasema kwa sauti ya chini, "nguo yako iko wazi nyuma."

Akapeleka mkono. Haikuchanika. Ilikatwa, tangu shingoni hadi kiunoni, imenyooka, kazi ya mtu anayejua mkasi. Akarudi kinyumenyume hadi ukutani, akampigia dada palepale, mteja akisikia kila neno.

"Mama hakunenepa, dada. Nilimpunja kitambaa."

Dada akakata simu, na hadi leo hapokei.

Gauni alilokuwa amevaa siku ile, fundi amelishona mara tatu. Mara tatu amelikuta asubuhi limefumuka, na uzi umekunjwa vizuri juu yake.