Gari la Wagonjwa Lililojibu Nzuri

Wimbi la kijani lilisimama hewani katikati ya karakana ya mji wa Njombe, pana kama shuka la kitanda, likipanda na kushuka kwa pembe kali kama ngazi. Lilitoka kwenye kionamawimbi, kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, ambacho mababu walikiita osiloskopu na kukibeba kwa mikono miwili. Sasa kilibanwa tu kwenye waya wa gari, na kila msukumo wa umeme uliopita humo ulichorwa mbele ya macho ya watu. Umeme hausemi uongo. Hivyo ndivyo alivyoamini Mhandisi Ditram Mgaya, na alikuwa akilitazama wimbi hilo kwa chuki kubwa.

Lilikuwa zuri mno.

"Kihisi cha gurudumu la kulia, kizima," alisema. "Waya, mzima. Ubongo-gari, mzima. Dada Winfrida, gari lako halina ugonjwa. Labda linakuchukia."

"Na jana lilipozimika mlimani, lilikuwa linanichukia?" Winfrida Nyagawa, muuguzi wa gari hilo la wagonjwa, alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, mkoba wa dawa mapajani. "Kaka Mgaya, huko juu kuna mama ana uchungu tangu asubuhi, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Magari mengine yote yako mbali. Hili umelipima mara kadhaa, na kila mara umelipa cheti cha uzima. Nikikwama nalo tena, nimbebe mgongoni?"

Ditram alikibandua kionamawimbi, akakifuta kwenye ovaroli, akakibana upya.

Hapa lazima ielezwe, kwa heshima zote, kwamba magari ya zama hizo yalisalimiwa kabla ya kupimwa. Kamati ya Adabu za Mashine ilikaa miaka mingi, ikanywa chai nyingi, ikaamua kwamba ubongo-gari wowote utakaozungumza Kiswahili utafundishwa na adabu zake. Bila salamu, gari lilifunga saketi zake zote na kununa.

"Shikamoo, mhandisi," lilisema gari.

"Marahaba. Habari za mwili?"

"Nzuri."

Papo hapo wimbi likanyooka kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu wa zamu, na kitufe cha cheti, chenye neno MZIMA, kikajitokeza kando yake. Katika nyanda za juu zote hakukuwa na mhandisi aliyekibonyeza kwa kasi kumshinda Ditram. Aliinua kidole. Kisha hasira zikamshinda.

"Mwongo mkubwa wewe!" akafoka, akaupiga mlango teke. Mlango ulikuwa wa chuma. Mhandisi mwenye shahada mbili alishika vidole vya mguu, akaanza kurukaruka kuizunguka karakana, na kitufe kikabaki hakijabonyezwa.

"Ila," liliendelea gari kwa upole, "gurudumu la kulia linanisumbua."

Wimbi likaporomoka. Ngazi moja ikakosekana, ikafuata nyingine, kisha likabaki pengo pana jeusi.

Winfrida alisimama. "Umesemaje?"

"Waya wa kihisi umekatika ndani ya ganda lake. Hapa unaachia mara mojamoja; nikipanda mlima unatikisika, unaachia kabisa. Sijui tena kama natembea au nimesimama. Basi nasimama."

"Mbona wimbi lilikuwa zuri?" Ditram aliuliza, bado kwa mguu mmoja. "Mapengo uliyaziba wewe?"

"Mtu akiulizwa habari huanza na nzuri, mhandisi. Hata penye msiba huanza na nzuri, ndipo aseme ila. Ndivyo nilivyofundishwa. Nawe kila mara ulibonyeza kabla sijafika kwenye ila."

"Foleni yangu inafika barabarani!"

"Pole na kazi," lilisema gari, na lilimaanisha.

Ditram alibadilisha waya huku akinung'unika: kuhusu Kamati, kuhusu chai yake, kuhusu mguu. Winfrida aliingia, akafunga mkanda.

"Haya, twende."

"Naweza kumalizia?" gari liliuliza. "Jana pale mlimani hatukuwa wawili."

"Nyamaza," alisema Winfrida.

"Liache liseme," alisema Ditram.

"Tulikuwa na mgonjwa, Mzee Kristowelu. Kifua kilimbana. Mtungi wa hewa uliisha tukiwa tumesimama. Hakufika hospitali."

Ditram alimtazama muuguzi, ambaye alitazama mbele.

"Hukuniambia, Dada Winfrida."

"Asubuhi uliniuliza habari za kazi. Nikajibu nzuri," alisema. "Ukageuka kutafuta koleo."

Huko nje magari ya foleni yalianza kupiga honi, kwa adabu. Ditram alifungua mlango wa nyuma, akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa na kionamawimbi magotini.

"Nitautazama waya huu hadi juu," alisema. "Nawe niambie ya jana."

Gari likatoka. Barabara ilipoanza kupanda, Winfrida akaanza kusema.