Chumba Chenye Watu

Duka kubwa la vifaa vya nyumbani lilikuwa limefurika tangu asubuhi. Vikapu vya magurudumu viligongana, watoto walilia, na kipaza sauti kilitangaza punguzo la bei ambalo hakuna aliyelisikia vizuri. Katika safu ya dawa za usafi, mwanamke mwenye sketi ya kijani na miwani iliyofungwa kamba shingoni alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anasoma maandishi madogo nyuma ya galoni la dawa ya sakafu.

Gurudumu likapita juu ya pochi yake.

"Samahani sana, dada! Sikukuona."

"Hukuniona? Nimevaa kijani kizima kizima!"

"Macho yalikuwa kwenye bei." Mwanamume huyo alikuwa mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi, na mkononi alikuwa na kovu la moto lenye umbo la jani. "Mama kanituma ninukuu bei za safu hii yote. Na wewe? Unaisoma hiyo dawa kama barua ya mpenzi."

"Mpenzi gani anayeandika 'usiguse kwa mikono mitupu'?"

"Wapo. Mmoja nilimpata mwaka juzi."

Mwanamke akacheka kabla hajaamua kucheka. Mwanamume aliitazama nembo ya nyota kwenye galoni lile, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Dawa ya nyota ilikuwa ya mama yake. Alikuwa amechoka kuwa mchuuzi wa mama mbele ya kila mwanamke mzuri, na huyu alikuwa mzuri kupita kiasi. Akanyamaza. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

"Mimi ni afisa manunuzi wa chuo," mwanamke alisema. "Wenzangu wananiita Mizani, kwa sababu sinunui kitu bila kukipima."

"Mimi ni mzimamoto. Wenzangu wananiita wakati wa hatari tu. Naomba namba yako, tubadilishe utaratibu."

Ndivyo walivyoanza. Kila mchana, wakati wa mapumziko, simu ya Mizani iliita, naye aliipokea kwa mlio wa kwanza kisha akajilaumu kwa haraka yake.

"Umezima jiko lako asubuhi, laazizi?"

"Nimeangalia mara tatu."

"Safi. Wanaoangalia mara tatu hawatusumbui kazini. Ila wewe nisumbue kidogo."

"Nitakusumbua leo. Kichwa kinaniuma."

Akamweleza. Mkuu wa Chuo alitaka chuo kinunue vitu visivyoharibu mazingira. Wazo lilikuwa jema, lakini bajeti haikutosha kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Kuanzia kalamu hadi magodoro, chuo kilinunua mamia ya vitu. Mtu mmoja alipaswa kupendekeza pa kuanzia, na mtu huyo alikuwa yeye. Mhasibu Mkuu alitaka waanze na karatasi. Mizani aliamka kila siku na hofu kwamba angechagua vibaya mbele ya watu wote.

"Nyinyi mkifika kwenye jengo linaloungua," aliuliza, "mnaanza wapi?"

"Mgeni wa kazi hukimbilia penye moshi mwingi, maana ndio unaoonekana. Aliyezoea huuliza kwanza: watu wako chumba gani? Tunaanza na chumba chenye watu, hata kama moshi wake ni mdogo."

Mizani akavuta karatasi, akaanza kuandika.

"Mpenzi? Upo?"

"Nipo. Umenifanyia kazi yangu, mume wa watu."

"Watu gani? Taja jina, nikamwache leo leo."

Kamati ya Manunuzi ilipokutana, Mwenyekiti aliuliza kama kawaida: "Kuna mjumbe mwenye uhusiano na mzabuni yeyote?" Hakuna aliyejibu. Katibu, mtu mwembamba aliyependa mambo yake yanyooke, akaandika "hakuna", kama alivyoandika miaka yote. Siku hiyo neno hilo lilikuwa kweli, kwa kadiri Mizani alivyojua.

"Tuanze na karatasi," Mhasibu Mkuu alisema. "Wageni wakija, wanaiona."

"Karatasi ni moshi, mheshimiwa," Mizani alijibu. Akafungua jedwali lake. Kila kitu alikuwa amekipa alama mbili: uwezekano wa kuleta madhara, kuanzia moja hadi tano, na ukubwa wa madhara yenyewe, vivyo hivyo. Alama hizo zilizidishwa. Karatasi ilipata sita. Dawa ya sakafu yenye nembo ya nyota ilipata ishirini na tano. Ilimwagwa kila siku katika mabweni yote. Ilikuwa imewachubua mikono wasafishaji. Mfereji wa mabweni hayo uliishia kwenye kijito ambacho watoto wa shule ya jirani walikitumia kumwagilia bustani ya mboga, na vipimo vya maji vilikuwa vibaya. "Huko ndiko kwenye watu," alisema.

Mwenyekiti aliamua kwamba mwenye dawa ya nyota aitwe kikao kijacho, ajieleze kabla ya uamuzi.

Jumapili, Mzimamoto alimpeleka Mizani kwa mama yake. Mizani alibadilisha nguo mara nne, akarudia gauni la kwanza, la rangi ya udongo, lenye mikono mirefu.

"Akinichukia je?"

"Mama hamchukii mtu. Humuuzia kitu tu."

"Anauza nini hasa? Hujawahi kuniambia."

"Utaona," alisema, akaangalia barabara.

Aliona. Ukumbini, kando ya viatu, yalikuwa yamepangwa magaloni ya njano mpaka dirishani, na kila galoni lilikuwa na nyota. Mizani aligeuka kumtazama Mzimamoto. Mama, mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau na kicheko kikubwa, alikuwa tayari amemshika mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu, karibu! Kumbe una sura ya upole hivi? Huyu alikuficha wapi? Kaa hapa karibu yangu. Samahani nyumba imegeuka ghala. Nina wasiwasi wiki hii, hata usingizi sina. Kuna chuo kimoja, nusu ya mauzo yangu yote iko pale. Wamenipigia simu kwamba dawa yangu ndiyo ya kwanza kwa hatari. Ya kwanza! Sijui ni shetani gani aliyekaa akanipigia hesabu hiyo."

Mizani hakuivuta mikono yake.

"Ni mimi, mama."

Kicheko kilikatika. Mama aliachia mikono yake polepole, akamgeukia mwanawe. "Ulijua?"

"Sikujua, mama! Una wateja arobaini, nitajuaje kama na chuo chake kimo?"

Mizani alinyanyuka, akaaga kwa heshima zote, akatoka. Mzimamoto alimfikia getini.

"Siku ile dukani," Mizani alisema, "galoni lilikuwa mkononi mwangu. Uliiona nyota."

"Niliiona."

"Ukajua mimi ni afisa manunuzi. Ukanyamaza. Ukaomba namba."

"Unamaanisha nilikutongoza kwa ajili ya zabuni?"

"Nauliza."

"Hapana, unapiga hesabu! Na mimi niulize: maneno yangu ya chumba chenye watu, niliyokupa kwa mapenzi, umeyachukua ukamchomea nayo mama yangu?"

"Sikujua ni mama yako!"

"Na ungejua, ungempa ngapi?"

Swali hilo ndilo lililomwumiza, kwa sababu alijua jibu lake. "Ishirini na tano," alisema.

Mzimamoto alirudi ndani bila kuaga.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Simu ya mchana haikuita. Mizani aliiweka mezani ikiwa imegeuzwa, kisha akaigeuza tena ili aione. Kila king'ora kilipopita barabarani, alisimama. Siku moja magari matatu ya zimamoto yalipita kwa mfuatano, moshi ukatanda upande wa viwandani, naye hakuweza kuvumilia.

"Uko hai?" aliuliza simu ilipopokelewa.

"Niko hai."

"Basi."

Alikata kabla sauti haijamsaliti. Upande wa pili, Mzimamoto aliitazama simu mpaka kioo kikazima, mikono imejaa masizi, asijue kama ameulizwa na mpenzi au na mtu anayejali tu.

Siku ya kikao, Mama aliketi mwisho wa meza. Alikuwa amevaa suti ya buluu iliyokolea, kilemba na mkufu wa lulu, mgongo umenyooka. Hakumtazama Mizani. Mhasibu Mkuu alikuwa amebeba sampuli tano za karatasi na alionekana mwenye furaha.

"Kuna mjumbe mwenye uhusiano na mzabuni yeyote?" Mwenyekiti aliuliza, macho yake tayari kwenye ajenda ya pili.

Mizani alijua gharama ya kila jibu. Akinyamaza, angebaki na kuitetea alama yake. Akisema, angetolewa nje, na hapakuwa na mwingine aliyejiandaa kuitetea. Isitoshe, angesema nini? Hakujua kama uhusiano wenyewe bado ulikuwapo.

"Mwenyekiti, ninao uhusiano wa kutangaza."

Katibu aliinua kichwa.

"Na mzabuni yupi?"

"Huyu aliyepo hapa. Kwa upande wa mwanawe."

"Mwanawe ni nani kwako?"

"Hilo ndilo sina hakika nalo, Mwenyekiti. Mimi nampenda. Kama yeye bado ananipenda, sina taarifa."

Mtu mmoja alikohoa. Mama aligeuka na kumtazama kwa mara ya kwanza.

"Niandike nini?" Katibu aliuliza kwa wasiwasi wa kweli. "Utaratibu unakubali upo au haupo. Hakuna katikati."

"Acha nafasi kwanza," Mwenyekiti alisema. "Dada, itabidi utupishe."

"Natoka. Ila naomba alama zangu zifutwe, wajumbe waipime dawa upya wenyewe. Maji ya mfereji hayana uhusiano na mtu."

Alifunga mlango taratibu. Kwenye benchi la ukumbini aliketi Mzimamoto, bado na sare ya kazi, ananuka moshi. Alikuwa amemleta mama yake moja kwa moja kutoka zamu. Mizani aliketi ncha nyingine ya benchi.

"Mbona uko nje?" Mzimamoto aliuliza.

"Nimetangaza uhusiano."

"Na nani?"

"Na nani mwingine, jamani!"

Mzimamoto aliangalia viatu vyake. "Nilinyamaza kwa aibu, Mizani. Tangu nina miaka kumi namchuuzia mama dawa ya sakafu. Kila msichana niliyempenda alinijua kwa galoni. Siku ile nilitaka unione mimi kwanza. Halafu siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu zaidi kusema."

"Ungesema tu."

"Ningesema. Na getini nilikuuliza swali la kijinga. Ungempa mama alama ndogo kwa ajili yangu, ningelala vipi kando ya mtu wa namna hiyo?"

"Mama atapoteza nusu ya biashara."

"Huenda. Naogopa kama wewe."

"Hapana. Mimi naogopa zaidi. Mimi ndiye bingwa wa kuogopa."

Mzimamoto akacheka, akasogea, benchi likalia. Hawakushikana mikono bado. Nyuma ya mlango sauti zilipanda, zikashuka.

Mlango ulifunguka. Mama alitoka akiwa ameshika kilemba kana kwamba kuna upepo.

"Wamenipima upya," alisema. "Mwenyekiti kaniuliza swali moja tu: wewe mwenyewe unaichanganyaje? Nikamwambia, kwa glavu mpaka viwikoni. Ningesema uongo, ningetoka na mkataba." Alivuta pumzi. "Ishirini na tano ile ile. Nina hadi mwisho wa muhula kuleta dawa nyingine iliyo laini. Nikishindwa, zabuni iko wazi kwa kila mtu. Karatasi iko ya saba kwenye orodha, na yule bwana wa sampuli amenuna."

"Pole, mama," Mizani alisema.

"Usidhani nimefurahi."

"Sidhani."

"Nimekasirika, na nitakasirika mpaka Ijumaa. Lakini siku zote niliomba mkwe asiyeniogopa. Nimempata, na sasa mimi ndiye ninayemwogopa. Ijumaa hiyo njoo nyumbani uniambie katika hiyo dawa niondoe nini. Si kwa zabuni. Kwa mikono yangu."

"Nitakutafutia mkemia asiye wa chuo, mama. Mimi nikigusa, itabidi nitangaze tena."

Mama alicheka kwa shingo upande, lakini alicheka.

Hapo Katibu alichungulia mlangoni, daftari la muhtasari kifuani.

"Samahanini. Siwezi kufunga kikao na nafasi wazi. Uhusiano upo au haupo?"

Mizani alimgeukia Mzimamoto.

"Upo," Mzimamoto alisema. "Andika upo. Na ongeza kwamba ombi la ndoa limewasilishwa leo, mbele ya mama mzazi."

Katibu aliandika pole pole, hakuinua macho. "Limekubaliwa?"

Mizani, aliyeangalia jiko mara tatu kila asubuhi, aliutazama uso ule wenye masizi mara moja tu.

"Limekubaliwa."